Picha ya king'amuzi kipi ni safi zaidi? Pima mwenyewe sebuleni

Nikiwa juu ya bati la mtu nafunga dishi, maswali ni yaleyale mawili. La kwanza: "Fundi, kati ya Azam na DStv, au hawa StarTimes, nani picha yake kali?" La pili: "Nikiweka dishi kubwa zaidi, picha itang'aa?"

La pili nalijibu hapohapo: haitang'aa. La kwanza silijibu siku hizi, maana jibu langu la mwaka juzi leo linaweza kuwa uongo. Kampuni zinahamisha chaneli kwenye masafa mengine, moja inapandishwa HD (picha yenye nukta nyingi zaidi), nyingine inaminywa ili kupisha chaneli mpya. Halafu TV yako si TV yangu. Kwa hiyo nakuonyesha namna ninavyopima mimi. Ni kazi ya jioni mbili, na huhitaji kununua kifaa chochote.

Kabla ya yote, dishi halitengenezi picha

Enzi za analojia, kabla mitambo haijaanza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, antena ikiyumba kidogo ulipata chenga, ikiyumba zaidi chenga zikaongezeka. Wengi bado tunafikiri hivyo. Kwenye dijitali mambo ni tofauti: mawimbi yakitosha, picha inafika kamili kama ilivyorushwa, na yakipungua sana inakatika vipande vipande na kuganda. Mawimbi hafifu hayapaushi rangi wala hayaleti ukungu. Dishi kubwa linakupa akiba wakati wa mvua, basi. Mama mmoja wa Tabata aliwahi kunibadilishia kazi ya siku nzima akitaka dishi la sentimita 120 badala ya 80 "ili sura za watu zionekane vizuri". Nilimfungia kwa sababu alishalinunua, na sura zikabaki zilezile.

Usafi wa picha unaamuliwa huko inakorushwa. Kila masafa ya setilaiti yana ujazo wake, na chaneli zinagawana ujazo huo kama abiria wa daladala. Wakiwa wachache kila mtu anakaa, wakijazana kuna atakayening'inia mlangoni. Picha ya SD, ile ya kawaida, ina nukta 720 kwa 576, HD kamili ina 1920 kwa 1080, yaani mara tano zaidi. Ila HD iliyominywa sana ikikutana na mpira wa kasi inaweza kukukera kuliko SD iliyopewa nafasi ya kutosha. Ndiyo maana neno HD pembeni ya jina la chaneli halimalizi ubishi.

Andaa hivi

- Ving'amuzi viwili, vyote vimelipiwa, na vyote vina uwezo wa HD. Angalia kifurushi kwanza, kwani vifurushi vya chini mara nyingi vinakupa chaneli ileile kwa SD tu.
- TV moja. Si mbili, hata kama ni za kampuni moja na inchi sawa.
- Waya mmoja wa HDMI unaojua ni mzima.
- Rimoti ya TV yenyewe. Nyumba nyingi imeshapotea na watu wanatumia ya king'amuzi. Itafute, au pakua programu ya rimoti kwenye simu kama TV yako ni ya kisasa.
- Daftari, kalamu, na mtu wa kukubadilishia. Mtoto wa darasa la tano anafaa kabisa.

Kama king'amuzi cha pili ni cha jirani, usikibebe kukileta kwako. Beba TV yako uende kwake. Kila king'amuzi kinahitaji dishi lake lililoelekezwa setilaiti yake. Huku kwetu DStv iko nyuzi 36 Mashariki na Azam nyuzi 7 Mashariki. Ukiwa Dar, dishi la kwanza limelala likitazama juu karibu na utosi, la pili limesimama likitazama magharibi. King'amuzi cha moja hakitapata kitu kwenye dishi la mwenzake, na pengo hilo ni kubwa mno kuweka LNB mbili (vile vichwa vinavyokaa mbele ya dishi) kwenye dishi moja la kawaida.

Hatua kwa hatua

1. Chagua chaneli ileile kwenye ving'amuzi vyote viwili.
Hapa ndipo ubishi mwingi unapoharibika. Mtu anaangalia Ligi Kuu ya England kwa huyu, halafu tamthilia kwa yule, kisha anatangaza mshindi. Hapo amelinganisha kamera na kamera. Tafuta chaneli iliyopo kwa wote wawili: Al Jazeera ya Kiingereza inafaa kwa sababu ina studio, picha za nje, na maandishi yanayopita chini saa zote. Ongeza chaneli moja ya nyumbani kama utaikuta pande zote, TBC1 au ITV kwa Tanzania, Citizen au NTV kwa Kenya. Andika kwenye daftari kama ni HD au SD kwa kila upande. Ikiwa huyu anayo HD na yule SD tu, hilo lenyewe ni jibu la chaneli hiyo, endelea na nyingine.

2. Tuliza TV.
Hatua hii usiiruke hata kidogo. TV ikitoka dukani huwa imewekwa ing'ae ili ikuvute kwenye rafu: rangi zimekolezwa, ncha zimenolewa, mwanga uko juu. Mipangilio hiyo inaficha picha mbaya na kuharibu nzuri.

Ingia kwenye menyu ya picha. Ondoa Dynamic au Vivid, weka Standard au Movie. Sharpness ishushe mpaka zile kingo nyeupe zinazozunguka maandishi zipotee. TV nyingi huwa imekaa 50, mimi huishia kati ya 10 na 20. Zima kila kitu kinachoitwa Noise Reduction, na kile cha kulainisha mwendo kinachofanya sinema ionekane kama video ya harusi. Zima pia kile cha kuokoa umeme, maana kinabadilisha mwanga kufuatana na giza la sebule, na utakuja kumsifu king'amuzi kwa kazi ya taa.

Sasa mtego wenyewe: TV nyingi hutunza mipangilio ya kila tundu la HDMI peke yake. Umetuliza HDMI 1, HDMI 2 bado inawaka kama duka la simu Kariakoo. Nilishafungua TV ya mteja mmoja aliyekuwa na uhakika kabisa kwamba king'amuzi chake kipya kina "rangi hai" kuliko cha zamani. Cha zamani kilikuwa HDMI 1 kwenye Standard, kipya HDMI 2 kwenye Vivid. Nilibadilishana nyaya mbele yake, na "rangi hai" ikahamia cha zamani. Alicheka, lakini alikuwa ameshalipia miezi mitatu.

Kwa hiyo tumia tundu moja, ukichomoa huyu na kuchomeka yule. Ukitaka matundu mawili kwa ajili ya kubadilisha haraka, nakili kila namba ya tundu la kwanza kwenye la pili, moja baada ya nyingine.

3. Panga ving'amuzi vyenyewe.
Kwenye mipangilio ya kila kimoja, tafuta picha inatoka kwa kipimo gani. Weka 1080i kwa vyote viwili, au 1080p kama vyote vinayo, na umbo la 16:9. Vingine huja vimewekwa 576 na hukaa hivyo miaka yote bila mwenye nyumba kujua.

Na kama kimojawapo kimeunganishwa kwa zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, acha kupima kwanza. Waya wa njano hauwezi kubeba HD, hata king'amuzi kiwe cha bei gani. Mwenye kibanda umiza mmoja Mbagala aliniita akilalamika: "Fundi, huyu mpya picha yake imepakwa mafuta ya taa!" Wa zamani alikuwa kwenye HDMI. Mpya alikuwa kwenye nyaya za rangi, kwa sababu aliyemfungia hakuukuta waya wa pili. HDMI ya elfu chache ikamaliza kesi.

4. Soma mawimbi, andika, kisha sahau.
Kila king'amuzi kina ukurasa wa mawimbi wenye mistari miwili: nguvu na ubora. Unachotaka ni ubora uliotulia, usiopanda na kushuka kila sekunde. Usilinganishe asilimia za king'amuzi kimoja na za kingine. Kila mtengenezaji ana namna yake ya kuhesabu, na 70 ya huyu inaweza kuwa 90 ya yule. Na hata kwenye king'amuzi kimoja, kutoka 75 kwenda 90 hakuongezi usafi wa picha. Ukiona ubora unacheza, rekebisha dishi au konekta kabla ya kuendelea.

5. Kaa karibu.
TV ya inchi 43 ukiwa mita nne, SD na HD zinakaribia kufanana. Sogeza kiti mpaka mita moja na nusu au mbili. Funga pazia ili jua lisipige kwenye kioo, na kifute kioo. Vumbi la Dar peke yake ni kichujio. Ukimaliza kupima, rudi kwenye kochi unalokalia kila siku uangalie tena, maana huko ndiko utakakoishi.

6. Angalia vitu vitano, si "picha" kwa ujumla.
Ukiangalia kwa ujumla, macho yanazoea ndani ya dakika tatu na kila kitu kinakuwa kizuri. Mimi naangalia hivi:

*Nyasi.* Huu ndio mtihani mkubwa. Subiri kamera ya juu inayoonyesha nusu ya uwanja, halafu mpira upigwe mrefu na kamera iufuate. Kabla haijasogea, nyasi zina alama zake: michirizi ya mashine, mabaka ya vumbi karibu na goli. Kamera ikikimbia, angalia mabaka yale. Kwenye picha yenye nafasi ya kutosha yanapita nawe. Kwenye iliyominywa, uwanja unageuka zulia la kijani lisilo na kitu, halafu kamera ikisimama, nyasi "zinaota" tena baada ya nusu sekunde. Ukishaiona mara moja hutaacha kuiona, na samahani kwa kukuharibia mpira.

*Miguu ya mkimbiaji.* Winga akikimbia mbele ya mabango ya matangazo, kuna vijiboksi vinavyomzunguka magotini? Na namba ya jezi inasomeka akiwa mbioni au mpaka asimame?

*Maandishi yanayopita chini.* Kingo za herufi ziwe kali. Zikiwa na kama mbu wanaozunguka, chaneli imebanwa.

*Giza.* Tafuta tukio la usiku kwenye filamu. Ukuta mweusi ukionekana kama ramani yenye ngazi ngazi za rangi, hiyo ni alama mbaya.

*Fujo.* Moshi wa mashabiki, mvua uwanjani, maji ya bahari, karatasi zinazorushwa juu. Hapo ndipo mashine ya kubana picha inazidiwa. Picha ya msomaji habari aliyetulia mezani hata kampuni mbovu inaipatia.

Toa alama kati ya moja na tano kwa kila kipengele, dakika kumi kila upande, kisha rudia ukianza na yule wa pili.

7. Pima bila kujua.
Hapa ving'amuzi vyote viwili viwe vimechomekwa, kila kimoja kwenye tundu lake na waya wake wa HDMI, na mipangilio imenakiliwa kama nilivyosema hatua ya 2. Geuka, mpe mtoto rimoti, mwambie abadilishe au asibadilishe anavyotaka, na asubiri utepe wa jina la chaneli upotee ndipo akuite. Wewe sema ni nani, yeye aandike. Fanya mara kumi. Ukipatia tano au sita umebahatisha, kwa hiyo tofauti uliyoiona hatua ya 6 ilikuwa ndogo au haikuwepo. Ukipatia tisa au kumi, ipo kweli. Angalizo moja: wakati wa mechi ya moja kwa moja mmoja huwa nyuma ya mwenzake kwa sekunde kadhaa, na huo ucheleweshaji utakufichulia nani ni nani. Tumia kipindi ambacho hukifuatilii, na uzime sauti.

8. Rudia siku ya mechi kubwa.
Jumanne asubuhi si kipimo. Kampuni nyingi hugawa ujazo kufuatana na mahitaji ya dakika hiyo: chaneli inayoonyesha mpira inanyonya, jirani zake kwenye masafa hayo wanabana. Kwa hiyo rudia Jumamosi au Jumapili jioni, ikiwezekana wakati wa dabi ya Simba na Yanga, na uangalie pia chaneli zisizo za mpira muda huohuo. Nimeona chaneli ya katuni ikiwa safi wiki nzima halafu ikawa uji siku ya mechi.

9. Mvua iandikie ukurasa wake.
Kukatika wakati wa masika ni jambo tofauti na usafi wa picha, usilichanganye kwenye alama. Andika tarehe, saa, na imekatika dakika ngapi, kwa wote wawili, kwa mvua ileile. Masafa haya ya Ku, yanayotumiwa na madishi haya ya nyumbani, huathirika sana na mvua nzito, hakuna kampuni iliyosamehewa. Tofauti mara nyingi inatokana na dishi lako: ukubwa, uelekeo, na urefu wa waya.

Vitu visivyokubalika kama ushahidi

Picha uliyopiga kwa simu ukaituma WhatsApp: simu imeipamba, WhatsApp imeibana. Video za YouTube zinazolinganisha ving'amuzi: zimebanwa mara mbili. TV ya dukani: huenda inacheza video ya flashi, si chaneli. Na neno la muuza ving'amuzi, mimi nikiwemo siku nikiwa na mzigo wa kuuza.

Ukikwama

*HD inaonekana sawasawa na SD.* Rudi hatua ya 3, king'amuzi huenda kinatoa 576. Kama kiko sawa, huenda kipindi chenyewe ni cha zamani kilichorekodiwa SD na kukuzwa tu. Subiri matangazo ya moja kwa moja.

*Watu wamenenepa au wamerefuka.* Umbo la picha. TV na king'amuzi vyote viwili vinajaribu kunyoosha. Weka king'amuzi 16:9, na TV kwenye 16:9 au Just Scan (picha nzima bila kukuzwa).

*Matokeo ya mechi juu pembeni yamekatwa.* TV inakuza picha kidogo na kukata kingo. Ikizimwa hiyo, picha pia inakuwa kali zaidi. Zima kwa wote, la sivyo hukulinganisha.

*Chaneli chache tu zinaganda, nyingine safi.* Angalia kama zote ziko kwenye masafa mamoja. Kama ndivyo, uelekeo wa dishi au LNB ndio shida. Fungua konekta nyuma ya LNB kwanza. Ukikuta kijani cha kutu au maji, kata inchi mbili za waya na ufunge upya kwa konekta mpya.

*Imekatika mchana kweupe, hakuna hata wingu.* Kama ni siku chache za mwishoni mwa Machi au za Septemba, jua limepita nyuma kabisa ya setilaiti. Kwa Dar, dishi la nyuzi 36 hupigwa kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, la nyuzi 7 karibu saa tisa alasiri. Inarudi yenyewe baada ya dakika chache. Usipande juu ya bati.

*HDMI haileti picha kabisa.* Zima vyote viwili ukutani, chomeka waya, washa TV kwanza kisha king'amuzi. Ikigoma, jaribu tundu lingine, halafu waya mwingine. Ikileta picha kwenye tundu lingine, kumbuka kunakili ile mipangilio ya hatua ya 2.

*Wewe unaona tofauti, mwenzako haoni.* Mpimeni na yeye kwa hatua ya 7, zamu yake kugeuka. Nyumba moja Kigogo mume alipatia kumi kwa kumi, mke tano. Mke ndiye alikuwa analipia, wakachukua kifurushi chenye tamthilia.